Presha Nne za Free Area

Kila Jumamosi Wangeci alikuwa na kazi tatu: kufua sare yake ya shule, kuchambua maharagwe ya kupikia githeri, na kumpelekea Baba chai ya saa nne. Baba yake, Kabiru, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kando ya barabara, hapo hapo mtaani Free Area. Jumamosi hiyo maharagwe yalichambuliwa ovyo, maana Wangeci alikuwa akichungulia kwenye pengo la ua wa mabati.

Mwanamke mmoja mgeni mtaani, mwenye mfuko wa buluu, alikuwa ameingia kwa Mama Omolo. Mumewe Mama Omolo alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Juzi mwanamke huyo aliingia kwa akina Kinyanjui, nao walikuwa wamefiwa. Nyumba zisizo na msiba alizipita tu, bila hata salamu ya haraka haraka. Tena ndani ya mfuko wake Wangeci aliona kimashine cha kijivu chenye mpira mrefu. "Kinarekodi sauti," alijiambia, akasogeza jicho karibu zaidi na pengo.

Mtaani watu walishanong'onezana vya kutosha. Wengine walisema ni askari kanzu, wengine wakaapa kwamba atafukua makaburi. Baba naye alikuwa amemwita Wangeci pembeni mapema. "Mtu yeyote akikuuliza, Anko Mathenge alikufa na presha. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Anko Mathenge alikuwa ndugu mdogo wa Baba, na chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba yao. Kijitabu cha mazishi kilisema "aliugua kwa muda mfupi", kama vijitabu vyote vinavyosema, na kanisa zima likaitikia kwa kichwa. Wangeci peke yake ndiye aliyekuwa naye mchana wake wa mwisho. Anko aliketi mlangoni, jua likiwaka, akauliza, "Wangeci, mbona kuna ukungu?" Ukungu haukuwapo. Kesho yake alikuwa maiti, na kando ya kitanda chake kulikuwa na chupa isiyo na lebo.

"Hodi!" Mwanamke alikuwa langoni. "Sasa, mrembo? Naitwa Chepngeno. Mimi ndiye mhudumu mpya wa afya hapa mtaani. Mama yuko?"

"Ameenda soko. Na kama ni maneno ya Anko, alikufa na presha!"

Chepngeno aliushusha mfuko wake chini. "Lakini sijakuuliza."

Wangeci aliona aibu. Hata hivyo alijikaza. "Nani amekutuma?"

"Watu wa afya. Tunataka kujua watu wanakufa kwa nini. Habari zinaenda kaunti, halafu Nairobi, zinajumlishwa na za nchi nzima." Aliandika nambari yake ya simu kwenye kikaratasi. "Mwambie Mama anipigie, nitaongea na yeye."

Nairobi! Wangeci alitaka kukichana kikaratasi kile, kisha akakitia mfukoni kama ushahidi. Alibeba chupa ya chai, akaondoka mbio.

Alimkuta Baba amezima mashine, ameinama, ameshika kichwa.

"Nani amechoma takataka?" Baba aliuliza. "Naona ukungu tu."

Wangeci alisimama wima. Hapakuwa na moshi wala ukungu. Jua lilikuwa kali hata vyuma vilikuwa havishikiki.

"Ni moto wa welding," Baba alisema. "Jana sikuvaa miwani. Leta chai."

Lakini Wangeci hakuamini. Alitazama chini ya meza, nyuma ya mikebe ya rangi, akaiona ile chupa isiyo na lebo. Sasa ilikuwa nusu.

"Baba, hii si ya Anko?"

"Niliipata nikisafisha chumba chake. Jana jioni nilionja kidogo, kumkumbuka tu. Rudisha hapo!"

Akasimama, akayumba, akatapika kando ya geti ambalo halijapakwa rangi.

Wangeci aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Akisema ukweli, huenda Baba akafungwa na kaburi la Anko likafukuliwa. Akinyamaza, huenda kukawa na kaburi la pili. Alikimbia kwa Joan, muuza mahindi ya kuchoma, akaazima simu.

"Nilikudanganya," alimwambia Chepngeno huku akilia. "Haikuwa presha. Ilikuwa pombe ya chupa isiyo na lebo. Baba ameinywa pia, na haoni vizuri!"

"Usimwache alale. Shika hiyo chupa, mtu mwingine asiiguse. Nakuja na gari."

Hospitalini, daktari alinusa chupa, akauliza maswali mawili tu, na matibabu yakaanza papo hapo. Baba alilazwa siku sita. Alirudi nyumbani hai, ila herufi ndogo hakuweza kuzisoma tena.

Chepngeno alipokuja kumwona, Wangeci alishindwa kujizuia. "Hiyo mashine yako inarekodi?"

Chepngeno alicheka, akaitoa. "Hii? Ni ya kupima presha. Mwezi mmoja, mtaa mmoja, ripoti za mazishi zilileta presha nne, na zote za wanaume wenye nguvu zao. Ofisini wakashtuka, wakaniletea mashine. Nimepima watu sitini hapa, kwenye nyumba za msiba na kule sokoni, na karibu wote wako sawa." Kicheko kikamwisha. "Mzee Kabiru, Nairobi haiji kufukua mtu. Inapata hesabu tu. Hesabu ikisema presha, wanatuma mashine ya presha, na anayeuza sumu anaendelea kuuza. Nyinyi mlidhani mnamfichia marehemu aibu. Mlikuwa mnamfichia muuzaji. Tungeambiwa ukweli wa kifo cha kwanza, hicho cha pili, cha tatu na cha nne pengine tusingekiona."

Baba alichukua kile kijitabu cha mazishi chini ya meza, akampa Wangeci. "Nisomee. Macho yangu hayafiki."

"...aliugua kwa muda mfupi," Wangeci alisoma.

"Si kweli," Baba alisema. "Chepngeno, futa presha. Andika kwamba ndugu yangu aliuawa na pombe yenye sumu, na chupa nitakuonyesha ilikotoka." Akamgeukia bintiye. "Mimi nilikufundisha kudanganya. Ungenitii, ningekuwa nimezikwa. Ukweli useme hata kama mimi ndiye ninayekukataza."

Mlango ulikuwa wazi. Mama Omolo, aliyekuja kumjulia mgonjwa hali na sufuria ya uji, alikuwa amesimama kizingitini amesikia yote. Aliiweka sufuria chini polepole.

"Chepngeno," alisema, "hata ile yangu ifute. Haikuwa presha."