Mkurugenzi Asiyeulizwa

Stesheni ya treni ya Lidcombe, Sydney, asubuhi ni sufuria ya githeri, kila mtu anagongana na mwenzake. Ndoo ya Kwizera ilimgonga Apondi gotini, maji ya sabuni yakaloanisha suti yake mpya ya bluu.

"We jamaa! Naenda usaili!"

"Pole, dada. Watakuajiri tu. Nani atafika msafi kama wewe?"

Kweli wakamwajiri. Baada ya miaka tisa ya kugeuza wagonjwa katika hospitali ya Westmead, Apondi alikuwa amevua sare ya uuguzi, akasomea kufundisha Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, kuongoza biashara. Kazi akaipata, na Kwizera akampata: Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, mwenye kampuni ndogo ya usafi Guildford. Kufikia mwezi wa nane, wazee wa Kwizera walikuwa wakitafuta tiketi za kupeleka posa Kisumu, kwao Apondi.

Siku moja darasani Apondi aliuliza kila mwanafunzi: mwaka huu umeamua nini kama kiongozi? Raelene, mama wa Kiaborijini, mkali kuliko wote, akacheka kwa uchungu.

"Mimi ni mkurugenzi wa kampuni ya usafi. Hisa asilimia hamsini na moja. Sijaulizwa hata rangi ya aproni."

Akataja kampuni: ile ya Kwizera. Apondi akatoka nje na simu.

"Kwizera, Raelene ni nani kwako?"

"Eh, chérie wangu, wivu? Yule ni mama mzima..."

"Koma na chérie yako! Umemweka juu upate zabuni zilizotengewa wenyeji. Anaongoza nini?"

"Nilimwomba jina, akakubali, namlipa. Kambini, kama jina lako halimo kwenye kadi ya mgao, unakula kwa jina la jirani. Ndivyo tulivyopona."

"Kambini mlikuwa na njaa. Hapa umeshiba! Watu hawa wamenyang'anywa ardhi, wamenyang'anywa watoto, na wewe mgeni wa juzi unawamalizia jina! Mimi nalea viongozi, wewe unachonga vinyago. Wazee wako wasipande ndege."

Akakata. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba bado alimpenda mjinga yule.

Maua yalikuja; akampa jirani. Ujumbe ulikuja, akaufuta. Wiki ya tano Raelene akachelewa darasani.

"Nilikuwa na kikao cha wafanyakazi wangu," alisema, kidevu juu. "Yule bwana aliwaandikia waliotoa zabuni ukweli wote. Moja imefutwa. Akanikabidhi ofisi. Nimempa mmoja wa wafanyakazi, Nella, usimamizi; yule bwana nimemrudisha kwenye ufagio."

Jioni Kwizera alikuwa nje ya darasa, aproni imelowa, hana mzaha.

"Unataka nini?"

"Nilimwomba bosi Raelene likizo, niende Kisumu na wazee."

"Akasemaje?"

"Amekataa. Kwanza miezi sita ya kumsikiliza."

Kicheko kilimpanda Apondi kooni. Akakimeza kwa nguvu, hasira ilikuwa bado na haki yake.

"Basi hiyo miezi sita utaifanya yote."

"Na wewe utaningoja, mpenzi?"

"Nitakuwa namuuliza bosi wako kila wiki," alisema Apondi. "Akisema umepunguza hata siku moja, utaoa ndoo yako."