Mguu wa Kigoda cha Baba

Giza lilikuwa linaingia nilipofika Kariobangi kumwona Munyao, mchongaji, anipe mpini wa bastola yangu. Mafundi wenzake walishaanza kufunga vibanda. Nami nilikuwa na hasira tangu asubuhi. Mchujo wa timu ya kulenga shabaha ulikuwa Jumamosi, na kocha alishaniambia wazi: nikikosa mara hii, nafasi yangu inakwenda kwa mwenzangu aitwaye Wangu.

Kosa halikuwa langu! Bastola ya upepo niliyoazimwa na klabu ilikuwa na mpini mnene wa plastiki, uliotengenezewa kiganja cha jitu. Kuagiza mwingine ng'ambo? Thubutu, kwa mshahara wa karani! Nikaona nichongewe wa mbao. Mbao ngumu niliyokuwa nayo ni kigoda cha marehemu baba, cha miguu mitatu, kilichokaa bure juu ya kabati. Nikampelekea Munyao, akakata mguu mmoja.

"Hii kigoda ilikuwa ya babako?" aliniuliza sasa, bila kuniangalia.

"Ndiyo."

"Na ulimuuliza kwanza? Ulimwaga ugoro kidogo chini, ukamwambia unaikatia nini?"

"Fundi, mimi nimeokoka."

Alinipa mpini akiushika kwa kitambaa, na kigoda chenyewe akakisukuma kwa mguu.

Nyumbani Komarock, Mama alikuwa ameshaingia chumbani kwake. Nilikirudisha kigoda juu ya kabati, nikaufunga mpini kwa skrubu. Ulinikaa mkononi kama nimezaliwa nao. Nikabandika karatasi ya shabaha kwenye boksi la matambara mwisho wa sebule, nikafyatua mara kadhaa.

Risasi zote zikaingia tundu moja. Nilitaka kupiga vigelegele.

Lakini tundu halikuwa katikati. Lilikuwa kushoto.

Nikakaza skrubu ya kulengea. Kushoto zaidi. Nikailegeza. Kushoto tena! Nikatukana, mimi mwimba kwaya. Basi nikalisogeza boksi lifuate risasi. Nikafyatua; tundu nalo likasogea kushoto. Nikasogeza tena, na tena, jasho likinitoka kwa uchungu.

Halafu nikasikia harufu... ugoro. Nyumbani kwetu hakuna aliyenusa ugoro tangu baba afe.

Krrr...

Sauti ya mtu mzito akiketi juu ya mbao.

Niligeuka. Hakuna mtu. Nilipotazama tena mbele, ndipo nikaona boksi lilikofika. Lilikuwa limeegemea mlango wa chumba cha Mama. Na tundu la mwisho halikuwa kwenye boksi. Lilikuwa kwenye mlango.

Mlango ukafunguka kidogo.

"Ndinda," Mama alinong'ona. "Nani ananusa ugoro?"

"Hakuna mtu, Mama."

Macho yake yakatua kwenye mpini. "Umekata kigoda chake?"

"Mguu mmoja tu."

"Ananitafuta." Akauvuta mlango karibu naye. "Usiku aliokufa aliniita, akiwa ameketi hapo sebuleni, kwenye hicho kigoda. Nilimsikia, mwanangu. Sikutoka."

"Kwa nini hukutoka?"

Akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Niliogopa, sitadanganya. Niliung'oa ule mpini, nikauweka juu ya kabati pamoja na kigoda, nikarudisha ule wa plastiki.

Jumamosi risasi zangu zilitawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Wangu akachukua nafasi yangu mchana kweupe. Nilirudi nyumbani nimefura, namlaani kocha, namlaani Munyao, namlaani baba na mbao zake. Nikausukuma mlango.

Harufu ya ugoro ilinipiga usoni.

Kigoda kilikuwa katikati ya sebule. Kimesimama wima... kwa miguu miwili. Upande uliokatwa ulikuwa hewani, na hakikuyumba hata kidogo.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake, kichwa ameinamisha. Alikuwa akijibu maswali ambayo mimi sikuyasikia.

"Mama?"

Hakugeuka.

"Ngoja hapo mlangoni, Ndinda," alinong'ona. "Akimaliza na mimi, anataka kukuuliza habari za mguu wake."