Harufu Ilipokata

Fuso ya mizigo ilipita Buzuruga kama haina breki.

Noela Kashaija aliinama juu ya pikipiki yake nyekundu aina ya Boxer, akapenya kati ya magunia ya mkaa na akina mama wa nyanya. Jua la mchana lilikuwa kali. Koti la bodaboda mwilini, bastola ya Glock kiunoni. Ungesema ni dereva anawahi abiria, kumbe ni afisa wa Idara ya usalama, na Fuso ile ilikuwa imebeba mitungi ya kuua watu.

Gesi ya kupikia, ati.

Ilitoka kiwandani kule Buswelu, wanakopika matairi chakavu kwenye tanuri mpaka yanatoa gesi. Si kazi mbaya. Ila gesi ya matairi hutoka na sumu ya salfa, na lazima ipitishwe kwanza kwenye tangi la vumbi la chuma lenye kutu, kutu iinase ile sumu. Mwenye kiwanda, mgeni aliyejiita Kessler, aliona kubadilisha kutu ni usumbufu. Akafunga njia ya kwenda tangini, akajaza gesi chafu kwenye mitungi ya rangi nzuri, akatafuta boti ya kuivusha visiwani ambako hakuna mkaguzi. Mtungi mmoja ukivuja ndani, nyumba nzima inalala isiamke.

Noela aliyajua haya kupitia kwa fundi wa kiwandani. Fundi huyo alikuwa Cleophace, mdogo wake wa tumbo moja. Noela mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii ya kupeleleza.

Redio ikakoroma sikioni.

"Dada, wamekimbia wote. Kessler kapanda Fuso. Tanuri linawaka na bomba limepasuka, na nyuma ya ukuta kuna nyumba za watu. Nageuza valvu, gesi iende tangini."

"Kunanuka?"

"Kama yai viza."

"Ikizidi, toka."

Ndivyo alivyomfundisha: uvundo ukizidi, kimbia. Kipima gesi cha Idara kilikuwa kimoja tu, nacho kilining'inia mkandani mwa Noela, kwa kuwa yeye ndiye angekagua mitungi.

Fuso ikashika barabara ya Igombe. Noela akaongeza moto.

Redio tena. Safari hii sauti ya Cleophace ilikuwa na furaha.

"Dada, harufu imekata. Kutu imeshika. Tumewaweza."

Hakuna tangi linaloweza kusafisha chumba kizima ghafla namna ile. Gesi hii ikiwa kidogo, inanuka. Ikiwa nyingi, inaua pua kwanza. Alilisoma hilo kwenye mafunzo, akamfundisha mdogo wake mambo yote, hilo akalisahau. Jamani, hilo tu.

"Cleo, toka. Haijasafika, ni pua yako imekufa. Toka sasa hivi!"

"Namalizia tu kukaza..."

Noela akaita jina lake.

Akaita. Akaita tena.

Mkuu wake, Luhende, alikuwa akisikiliza mawimbi hayohayo. Akasema zimamoto wako njiani kwenda Buswelu. Noela akauliza kama wana barakoa za gesi. Luhende akahamia kwenye habari ya boti.

"Boti imeshawasha injini, Noela. Ukigeuza, mitungi inavuka."

Mbele yake Fuso. Nyuma yake mdogo wake. Na alijua, Mungu amsamehe, kwamba hata angeruka asingewahi.

Hakugeuza.

Aliendesha huku analia, upepo ukimkaushia machozi mashavuni.

Fuso ikateremka mwaloni, kando ya ziwa, waanika dagaa wakatawanyika. Noela akabana breki, akashika Glock kwa mikono miwili.

Paa. Paa.

Tairi la mbele likaisha pumzi, gari likazama mchangani. Kessler akaruka na bastola, akajikwaa, akaanguka. Alipoinua uso, Noela alikuwa amesimama juu yake.

"Ni gesi tu, dada," akasema kwa Kiswahili cha kubabaisha.

Kidole cha Noela kikakaza. Alitaka kumpiga. Alitaka sana. Akamfunga pingu.

Ndipo Luhende akarudi hewani, taratibu, kama mtu anayeingia msibani. Wamemkuta Cleophace chini ya valvu, spana mkononi. Valvu imegeuzwa yote, gesi inaingia tangini, na nyuma ya ukuta hakuna aliyedhurika. Akampa pole. Akaongeza kwamba kwa sasa habari ibaki ndani ya Idara.

Noela akazima redio. Akapiga simu kwao Kamachumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenikumbuka mapema. Mwenzako hajambo?"

"Mama, nipe baba mdogo."

Kwao habari za namna ile hupewa wanaume kwanza, ndipo mama aketishwe, ashikwe. Hakuna anayemwomba mama yake baba mdogo katikati ya salamu kwa jambo jingine. Mama Prudencia alilijua hilo kumzidi.

"Ni Cleo?"

"Nipe baba mdogo, mama."

Noela akavaa miwani yake nyeusi. Akapita kati ya polisi waliokuwa wanafika, bila haraka, mgongo umenyooka, simu sikioni. Baba mdogo aliposhika simu, kilio kilikuwa kimeshaanza.