Karibu, Kiti Chako Kipo

Watu hudhani majini hupenda giza. Lile lililowaingilia wafiwa wa chekechea lilikuja saa tisa na robo alasiri, jua likiwaka, na lilikuja na adabu zake zote. Lilipiga hodi.

Wafiwa hao walikuwa tisa. Walikutana kila Jumamosi katika darasa la chekechea, chumba pekee walichopewa bila kuulizwa maswali mengi, na kila mmoja wao alikuwa na mtu wake aliyeuawa. Si kwa homa wala ajali. Aliuawa na mtu mwenye mikono na miguu, ambaye huenda bado alikuwa anapita mtaani akinunua sabuni. Vile viti vya watoto viliwapandisha magoti mpaka kifuani. Dereva wa lori, mwili jumba, alikuwa na mzaha wake wa kila wiki: siku akikwama humo, wamzike na kiti chake. Walicheka. Nje ya chumba kile hakuna aliyethubutu kuwachekesha, na wengi waliwauliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa amefanya nini mpaka akauawa.

Vikao viliongozwa na nesi mstaafu ambaye wote walimwita Shangazi. Lakini utaratibu wa kujibu hodi aliuleta Fundi, mshonaji wa nguo, mama wa kinyozi.

Kinyozi huyo alikuwa na utani na mama yake. Akirudi kutoka kazini, na ufunguo anao mfukoni, alisimama mlangoni akajifanya kizee: "Hodi hodi, mama mwenye nyumba! Mzee wako nimefika, miguu imekwisha!" Mama alimjibu au hakumjibu, kutegemea kazi aliyoshika. Jioni ile sauti ilitetemeka kuliko siku zote. Fundi alikuwa anamalizia upindo wa sketi ya mteja. Akasema moyoni, leo kazidisha, ufunguo anao, aingie. Hodi ikaja ya pili. Ikaja ya tatu, ndogo. Alipomaliza upindo akatoka, akamkuta ameegemea mlango na shati limelowa damu, na waliomfukuza wakidhani ni mwizi wa simu wamekwishatawanyika.

Kwa hiyo katika kikundi kile hodi ya mtu haikuachwa hewani. Akibisha yeyote, wote kwa pamoja, hata kama kuna anayelia, walijibu: "Karibu, kiti chako kipo." Na kweli kilikuwepo. Viti vilipangwa kumi, na cha kumi, chekundu, kiliachwa wazi kwa ajili ya atakayekuja. Watu watatu kati ya tisa waliingia kwa jibu hilo na kila mmoja alisema baadaye kwamba ndilo neno la kwanza lililomfaa tangu msiba.

Jumamosi ile hodi ilipigwa mara moja. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, si ya kiume wala ya kike.

"Karibu, kiti chako kipo," wakajibu wote tisa.

Mlango haukufunguka. Shangazi akaenda kuchungulia, akarudi akisema ni watoto wanacheza. Uwanja wa chekechea ulikuwa mtupu, na lango la nje lilikuwa na kufuli ambalo ufunguo wake ulikuwa shingoni mwa Shangazi mwenyewe. Alilifikiria hilo baada ya kukaa, akaona si la kuwaambia wenzake. Kidogo kiti chekundu kikalia, mlio ule wa kiti kinapopokea mtu mzito. Kukaja harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili.

Jumamosi ya pili, saa tisa na robo, hodi. Wakajibu. Mazoea yana tabu yake.

Siku hiyo ilikuwa siku ya sauti. Mara moja kwa mwezi, aliyetaka aliwasikilizisha wenzake ujumbe wa marehemu wake uliobaki kwenye simu. Fundi hakuwahi kutaka. Wa kwake ulikuwa wa sekunde kumi na moja: "Mama, leo usipike, nakuja na chakula. Na usiniulize chakula gani." Aliusikiliza kila asubuhi kabla ya kukalia cherehani, peke yake, na alikuwa mchoyo nao.

Dereva akabonyeza simu yake. Wote waliujua ujumbe wa binti yake: "Baba, ukifika nipigie, hata kama nimelala." Hawakuusikia. Badala yake kulikuwa na pumzi, ndani, nje, pumzi ya mtu aliyeweka mdomo karibu mno na simu.

"Imeharibika," Dereva alisema. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara ya nane. Kisha akainua uso. "Jamani, hata kichwani siisikii. Sura yake naiona. Mdomo unacheza. Alikuwa anaongeaje mwanangu?"

Hakuna aliyejua. Wote walikuwa wameisikia sauti ile mara kumi, na hakuna aliyeweza kusema ilikuwa nene au nyembamba.

Jumamosi ya tatu wakaja wote, maana pa kwenda pengine hawakuwa napo, na hodi ilipopigwa midomo yao ilikwishajibu kabla ya akili kuizuia. Jioni hiyo mjane wa mwalimu aliipoteza sauti ya mumewe. Ndugu wawili walipoteza ya mama yao. Ilipofika saa kumi na moja, katika watu tisa, ni Fundi tu aliyebaki na sauti ya mtu wake, kwa sababu hakuwahi kuitoa mle ndani.

Shangazi akamleta mganga. Hakuwa na mkoba wala manyoya. Alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi na hasira za karibu, na aliomba kukaa dirishani kwa sababu ya pumu. Alinusa chumba, akakitazama kiti chekundu bila kukisogelea, akauliza, "Nani alilikaribisha?"

"Sisi sote," Shangazi alinong'ona.

"Kwa pamoja?"

"Ndiyo utaratibu wetu."

"Utaratibu!" Mganga alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Mtu mmoja akilikaribisha, namtibu mtu mmoja. Nyinyi mmeliandalia na kiti. Sasa sikilizeni. Limeingia kwa jibu, litatoka kwa kukosa jibu. Linakuja upya kila wiki kwa sababu linapenda kukaribishwa, na mmelikaribisha mara tatu. Basi Jumamosi tatu lipige hodi mpaka lichoke. Asijibu mtu. Hapa wala kwingine. Likikosa jibu Jumamosi ya tatu, litakwenda zake."

"Na sauti zetu?" Dereva aliuliza.

Aliyemwangalia mganga vizuri aliona kwamba hasira zimemtoka. "Litakwenda nazo, baba. Mimi naweza kufukuza. Kurudisha, sijui."

Jumamosi ya kwanza ya kunyamaza lilipiga hodi tatu kwa ile sauti ya kwanza. Wakauma midomo. Baada ya hodi ya tatu walisikia hatua zikiondoka juu ya changarawe, polepole, na mjane wa mwalimu akalia kwa furaha.

Jumamosi ya pili lilibisha kwa sauti ya binti wa Dereva.

"Hodi, baba."

Watu wanne walimlalia Dereva juu, na Fundi ndiye aliyemziba mdomo kwa kiganja chake. Lilipokwisha kwenda, aliondoa kiganja kikiwa na alama za meno. Dereva hakuomba radhi.

"Kwako rahisi, Mama Fundi," alisema taratibu. "Wa kwako unaye kwenye simu. Unatufungia sisi mlango."

"Kaka, lile si binti yako."

"Najua si binti yangu. Sauti je? Sauti ni ya nani?"

Fundi alirudi nyumbani akiona haya, kwa sababu ilikuwa kweli: alikuwa analinda sekunde zake kumi na moja kuliko alivyomlinda mtu yeyote mle chumbani.

Sasa, lile alilolificha. Ijumaa, siku moja kabla ya Jumamosi ya mwisho, alikuwa kibandani kwake na pini midomoni, ameinamia suruali ya mteja. Hodi ikapigwa mlangoni. Mikono ikiwa kazini na akili ikiwa kwenye mshono, alizitoa pini mdomoni moja moja, kwa uangalifu ili asijichome, akasema alivyozoea kusema: "Karibu, kiti chako kipo."

Kibandani hakuna mtu anayesema hivyo. Kibandani husemwa karibu tu. Aliinua kichwa. Mlangoni palikuwa na jua na barabara, na harufu ya udongo.

Hakumwambia mtu. Alijiambia huenda alikuwa mteja aliyeghairi. Jioni ile hakuigusa simu, na asubuhi ya Jumamosi, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alikaa kwenye cherehani bila kusikiliza, kwa sababu aliogopa.

Saa tisa na robo walikuwa wote tisa kwenye viti vyao. Mganga alikuwa dirishani. Kila mmoja alikuwa amejitia kitambaa mdomoni. Fundi ndiye aliyevikata na kuvipinda vizuri visiwakwaruze.

"Hodi hodi, mama mwenye nyumba."

Ilitetemeka. Haikuwa ile ya utani. Ilikuwa ile ya jioni ya mwisho, ambayo haikuwahi kunaswa na simu yoyote duniani na ambayo ni masikio yake peke yake yaliyoisikia. Fundi alitia mkono mkobani, akaitoa simu, akaibonyeza akiwa ameishikilia sikioni. Pumzi. Ndani, nje. Alitafuta kichwani, leo usipike, nakuja, maneno yote aliyakuta lakini yalikuwa maandishi, na akajua kwamba sauti ya mwanawe sasa ipo mahali pamoja tu, nyuma ya ule mlango wa mbao uliobandikwa picha za wanyama, na kwamba likiondoka litaondoka nayo.

"Mzee wako nimefika. Hodi."

Alikiuma kitambaa. Alimwangalia Dereva aliyekuwa anamwangalia yeye, macho yametoka, na akaona kwamba Dereva ameelewa, ameiona simu mkononi mwake na ameelewa kuwa leo wamekuwa sawa, na huenda ingekuwa nafuu kama angekuwa na chuki machoni lakini hakuwa nayo, alikuwa anamhurumia tu, na machozi yalikuwa yanamtiririka yakiingia kwenye kile kitambaa alichomkatia.

Hodi ya tatu ilipigwa na wote. Sauti ya binti ilikuwemo, na ya mwalimu, na ya mama wa ndugu wale wawili, kila mtu akamsikia wake, zikiomba kwa upole kama watu waliosimama nje muda mrefu na hawataki kuwa usumbufu, na chini ya zote ile ya kinyozi, ndogo kuliko zote, ikisema hodi kwa namna ya mtu ambaye hana tena pumzi ya kusema nyingine, na baada yake kukawa kimya na kwenye kimya hicho changarawe zikaanza kulia, hatua moja, hatua ya pili, zinaondoka.

Mganga aliinua mkono. Bado kidogo, mkono ulisema. Bado kidogo tu.

Dereva alikitoa kitambaa. Alikitoa taratibu, akakikunja, akakiweka gotini.

"Karibu," alisema.

Mjane wa mwalimu akatoa cha kwake. Wale ndugu wakatoa. Shangazi aliyewafunga vidonda watu kwa miaka thelathini akatoa, akilia, akitikisa kichwa kuonyesha kwamba hataki, na sauti zao nane zikaungana kama zilivyozoea kuungana: "Karibu, kiti chako kipo."

Ya Fundi haikuwemo. Alitaka. Alikuwa amefungua mdomo, kitambaa kimekwama kwenye jino, vidole vinavuta, na alikuwa anafikiri, kama alivyofikiri jioni ile ya sketi, kwamba sasa hivi, nikimaliza hiki, sasa hivi.

Hatua zilirudi. Mlango haukufunguka, lakini mganga aliteremka dirishani na kutokomea uwanjani bila kuaga, na harufu ya udongo uliochimbwa ikajaa chumba chote mpaka kwenye ulimi. Kiti chekundu kikalia. Kisha kikaongea na kila mtu. Binti alimwambia baba yake, asante kwa kunijibu. Mwalimu alimwambia mkewe asante. Kila mmoja aliitwa kwa zamu na kila mmoja aliitikia akicheka na kulia, na hakuna aliyesogeza hata mguu kuondoka.

Ikafika zamu ya Fundi. Kitambaa kilikuwa kimetoka tayari, kimemwangukia mapajani.

Kiti kilimgeukia, kikatetemesha sauti.

"Wote wamenijibu," ilisema. "Mama, mbona wewe hukujibu?"