Gamba Tupu la Kerttu

Kila Jumamosi baba yake Kerttu huwasha jiko la sauna, chumba cha joto kali, na watu wa nyumbani huoga humo kwa mvuke. Jumamosi ile hakuna aliyekumbuka kuwa chupa ya bibi ilikuwa humo, juu ya benchi. Kerttu mwenyewe ndiye aliyeiweka, ili isigande kwa baridi.

Ndani ya chupa mlikuwa na majani laini ya kinamasi, ya mwisho aliyochuma bibi kabla hajafariki. Bibi ndiye aliyemfundisha kuyakamua maji juu ya kipande cha kioo na kumtafuta kwa hadubini amiba wa gamba, kiumbe kidogo asiyeonekana kwa macho matupu: duara la kahawia, tundu katikati, na vijimiguu laini vikichungulia kutoka tunduni.

Jumatatu darasani, Kerttu aliyakamua majani yale juu ya kioo, akainamia hadubini. Maduara aliyaona, matundu aliyaona. Miguu, hakuna. Maji yalikuwa yamepata moto mno saunani na amiba wote wamekufa. Akachora gamba, kisha akaliongezea miguu mitatu.

"Umempata mzima?" Mwalimu Raili akauliza. "Hebu nami nimwone."

"Ame... amejificha, Mwalimu Raili."

Oskari, mwenzake wa dawati, akawahi kuchungulia. "Kajificha au kahama? Mbona ndani hamna kitu!"

Darasa likacheka. Kerttu akaangua kilio.

"Nimewaua! Nimewapika kwenye sauna, na walikuwa wa mwisho wa bibi!"

Kicheko kikakatika. "Nisamehe, Kerttu," Oskari akasema. "Sikujua."

Mwalimu akavuta kiti, akaketi karibu naye, akautazama mchoro. "Gamba umelitambua sawasawa. Lakini miguu hii hukuiona."

"Nilitaka wawe hai."

"Najua, mwanangu. Ila uongo haumrudishi aliyekwenda. Theluji ikiyeyuka tutakwenda kinamasini, utuonyeshe bibi alikochuma."

"Hao hawatakuwa wake."

"Kweli, hawatakuwa. Lakini kutafuta kwako alikufundisha yeye, na hakukufundisha kuona kisichokuwepo. Andika ulichokiona, hata kikiuma."

Kerttu akachukua kifutio, akafuta mguu mmoja baada ya mwingine huku machozi yakidondokea karatasi. Chini ya mchoro akaandika: *Amiba wa gamba. Gamba ni tupu. Majani yalichumwa na bibi yangu.*