Nyundo ya Papa Viateur

Kila asubuhi, kabla ya chai, Papa Viateur wa Nyabiondo alichovya nyundo yake ndani ya ndoo ya maji. Mpini ulikuwa umelegea. Ukilowa, ulivimba na nyundo ikakaza. Jua likipanda, ulikauka na kulegea tena. Yeye aliona ni dawa nzuri sana.

Wiki hiyo alikuwa na haraka. Jumapili wageni wa Pinga walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Uwingabire, na nyumba yao ya mbao ilikuwa bado wazi upande mmoja. Aliyepita njiani aliona mpaka kitanda.

"Bakwe batasema nini?" mke wake, Thacienne, aliuliza. "Batarudia ku njia!"

Mbao za juu zilikuwa mbali na mkono. Basi Viateur akaleta chukudu yake, kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mihogo mpaka Sake. Akaiegemeza ukutani, akazuia gurudumu kwa jiwe, akaweka kasha la chupa juu yake, akapanda.

"Papa Uwingabire, chukudu iko na magurudumu," Thacienne alisema. "Na huku ni mulima."

"Hii chukudu inanijua."

Chini yake mama mkwe wake, Mama Mukandori, alikuwa anachambua maharagwe. Viateur akainua nyundo. Kichwa cha nyundo kikachomoka, kikapita karibu na sikio la mama mkwe, kikaanguka katikati ya maharagwe. Viateur akashtuka, jiwe likateleza, na chukudu inayomjua ikaanza safari. Alishuka mlima akiwa amekaa juu ya kasha, mpini mkononi, akiiambia mihogo ya shambani, "Pisha! Pisha!" Mihogo haikupisha. Alisimama kwenye tope la jirani yake Emérence, fundi mbao.

Emérence alicheka kwanza. Kisha akapanda naye mpaka nyumbani. Viateur akakiokota chuma kile ndani ya maharagwe. Kingempiga mama mkwe kichwani, Jumapili ingekuwa ya matanga.

"Maji inakudanganya, Papa Viateur," Emérence alisema. "Weka mupini mupya ya muti mukavu, halafu pigilia kabari kule juu, ikaze. Kila siku, mbele ya kazi, tikisa nyundo. Kama inacheza, hapana kuitumia."

"Na kupanda?"

"Tutafunga jukwaa: miguu ine ku udongo sawa, mbao nene juu. Magurudumu hapana. Na chini ya fundi muntu asikae."

"Hata mama mukwe?"

"Mama mukwe zaidi!" alijibu Mama Mukandori, bado ameshika sikio.

Walifanya hivyo. Jumamosi ukuta ulikuwa umefungwa na vichwa vyote vilikuwa vizima. Lakini Mama Mukandori alijipa kazi ya ulinzi. Hakuna aliyeingia na nyundo, jembe wala panga bila yeye kuvitikisa.

Jumapili Papa Sebarenzi, baba wa kijana, alishuka kwenye pikipiki akiwa na fimbo yenye kichwa cha kuchonga.

"Leta," alisema Mama Mukandori. Akaitikisa. Kichwa kikabaki mkononi mwake.

Uwingabire akafunika macho.

Viateur akachukua nyundo yake, akaitikisa kwanza, kisha akapigilia kabari ndogo kwenye fimbo ya mgeni. Papa Sebarenzi akaigonga chini kwa nguvu. Kichwa hakikucheza.

"Hii njo nyumba tulikuwa tunatafuta," alisema, na Uwingabire akafungua macho.