Daftari la Fidèle

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji na kufagia kiwanja, Ernestine aliketi kando ya mdogo wake Fidèle na daftari mkononi. Ndivyo alivyoagiza Mwalimu Mathilde wa shule ya wasichana, pale Kasongo: kila mwanafunzi amchague mtoto mdogo, amtazame, na aandike wiki kwa wiki anachoweza kufanya.

Fidèle alikuwa na miezi kumi na minne. Tangu aachishwe ziwa alikula ugali wa muhogo na mchuzi mtupu, na sasa alikuwa ameacha kutambaa. Alikaa tu mkekani, akiguswa analia. Lakini mtoto aliyetazamwa na Cécilia, rafiki yake Ernestine darasani, alikuwa ameanza kutembea akishika ukuta! Ernestine akaona haya. Akaazima daftari la Cécilia, akanakili yote.

Siku ya wazazi, Mwalimu Mathilde alisoma mbele ya akina mama: "Fidèle anatembea akishika ukuta. Anacheka sana."

Mama yake Ernestine akainuka, mtoto mgongoni. "Mwalimu, ni Fidèle gani huyo? Huyu wangu hata kutambaa ameacha."

Ernestine alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwalimu akampokea mtoto, akabonyeza mguu wake uliovimba. Alama ya kidole ikabaki imezama.

"Aliacha kutambaa lini?"

"Wiki ya tatu, Mwalimu," Ernestine alinong'ona, machozi yakimdondoka. "Niliona. Sikuandika; nilinakili daftari la Cécilia."

Siku hiyohiyo walimpeleka dispansari. Mganga Hippolyte akatikisa kichwa. "Mama, mutoto iko na njaa ya chakula cha nguvu. Umupe samaki, maharagwe, karanga za kutwanga. Mumechelewa, lakini atapona."

Ernestine alitwanga karanga kila siku. Aliandika upya: "Leo hakucheka." "Leo alishika kijiko." Wiki ya saba tangu dispansari, Fidèle alitambaa hadi mlangoni. Ernestine alipopeleka daftari, bado hakuweza kumtazama mwalimu usoni.

"Inua kichwa, mwanangu," alisema Mwalimu Mathilde. "Kila mtoto ana mwendo wake; kuchelewa si aibu. Lakini mtoto akiacha alilolijua jana, anatuita, naye hana maneno ya kusema. Wewe ulikuwa kinywa chake, ukasema habari za mtoto mwingine. Kuanzia leo, sema unachokiona, hata kikikuumiza."